Vitufe Viwili vya Mama Upepo

Bwana Masikio alikuwa msimamizi wa ofisi ya mitungi ya gesi, na jina hilo hakupewa kwa ukubwa wa masikio yake, ambayo yalikuwa ya kawaida tu, tena madogo kwa mtu wa kimo chake. Alipewa kwa sababu kazi ya watu hakuitazama, aliisikiliza. Kabla ya kompyuta kuja alikuwa amesimamia chumba cha mashine za taipu, na huko alijifunza jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kumtoa kichwani: mtu anayefanya kazi anasikika. Basi alishinda akipita kwenye korido, mikono nyuma, viatu vya soli laini, akitega sikio mlango hadi mlango. Vitufe vikilia ta-ta-ta-ta, alipita zake. Vikinyamaza, mlango ulifunguka kidogo, kichwa kikaingia peke yake bila kiwiliwili, kikauliza:

"Mbona kimya humu? Kuna msiba?"

Chumba cha mwisho kwenye korido hiyo kilikuwa cha wanawake wawili. Kilikuwa na meza mbili zilizogusana pua kwa pua, kabati la chuma ambalo droo yake ya chini haikufunguka bila teke, feni iliyozunguka kwa kulalamika, na dirisha la nondo lililotazama uwanjani. Huko nje wapakiaji walishinda wakiviringisha mitungi, ikagongana na kuwatia watu maumivu ya kichwa. Dirisha lenyewe halikufunguka tangu lilipopakwa rangi. Mpaka rangi alikuwa mtu wa bidii, akapaka mpaka bawaba.

Mmoja wa wanawake hao tumwite Bi Taratibu, maana hivyo ndivyo ofisi nzima ilivyomwita. Alikuwa mtu mzima anayekaribia kustaafu, mpole, miwani inaning'inia kwa kamba, na alichapa kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Kidole hicho kilipanda juu, kikazunguka hewani kikiitafuta herufi, kikaiona, kikashuka. Kisha Bi Taratibu aliinua macho kwenye kioo kuhakikisha kwamba herufi imefika salama. Watu walimcheka, naye akacheka nao. Alikalia mto alioufuma mwenyewe kwa uzi mwekundu, na kila jioni aliukung'uta vumbi kabla ya kurudi nyumbani kwake, mtaa wa pili tu kutoka ofisini, ambako wajukuu walimsubiri getini wakigombania kumbebea mkoba.

Wa pili ndiye mwenye habari hii. Wapakiaji walimpa jina la Mama Upepo, kwa kuwa karatasi za mitungi zikishaingia mikononi mwake hazikukaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila asubuhi karatasi zililetwa kutoka uwanjani, na kila mtungi ulitakiwa upate mstari wake kwenye jedwali la kompyuta: namba yake, uzito wake, umejaa au mtupu, hali yake, na mahali ulipowekwa. Namba zilikuwa tofauti, kila mtungi na yake. Lakini hayo mengine! Kilo sita, tupu, nzuri, uwanja wa pili. Kilo sita, tupu, nzuri, uwanja wa pili. Ukateremka hivyo hivyo, kisanduku baada ya kisanduku, mpaka macho yakaanza kusoma "nzuri" hata ukutani pasipoandikwa kitu.

Siku moja Mama Upepo alifika kwenye mtungi uliobonyea. Hali yake ilitakiwa iandikwe "Duni", na yeye, mpenzi wa herufi kubwa mwanzoni mwa neno, akapeleka kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwenye kitufe cha herufi kubwa, huku kidole kingine kikienda kwenye D. Kidole kidogo kikateleza. Kikaangukia kitufe cha chini yake, kile cha Kontroli, ambacho miaka yote alidhani kimewekwa pale ili kibodi isiwe na pengo. D haikutokea. Likatokea neno "Nzuri", lile lile lililokuwa kisanduku cha juu, limeshuka lenyewe bila kuandikwa na mtu.

Akalifuta. Akatazama kushoto na kulia kama anayetaka kuiba, akabonyeza tena Kontroli na D kwa makusudi. Likashuka tena.

Hapo ndipo alipoonja. Akagundua kwamba ukichagua kwanza visanduku vyote, kwa kushika kitufe cha herufi kubwa na mshale wa chini, kisha ukabonyeza vitufe vyake viwili, neno la juu linateremka mpaka mwisho kwa mpigo mmoja. Kontroli na R ikalivuta neno kwenda kulia. Kontroli na Enta ikajaza eneo zima ulilolichagua, kila kisanduku neno moja. Kesho yake aliandika namba za mitungi, akabonyeza mara chache, na kazi ya kutwa ikaisha chai ya Bi Taratibu haijapoa. Alitamani kupiga vigelegele. Badala yake akaegemea kiti, akakunja mikono kifuani, akashusha pumzi.

Mlango ukafunguka kidogo.

"Mbona kimya humu?"

"Nimemaliza, bosi," alisema Mama Upepo, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Umemaliza?" Kichwa kilimtazama kwa huruma, kama kinachomtazama mgonjwa. "Mama, kazi haimalizwi. Kazi inaendelea. Nitakuletea karatasi za mwezi uliopita uzipitie upya."

Akaletewa za mwezi uliopita. Alipozimaliza hizo akaletewa za mwezi uliotangulia. Mjinga hakuwa, akaelewa haraka kwamba katika nyumba ile kumaliza ni kosa. Tangu hapo alifanya kazi yake asubuhi kimya kimya, kwa vipande vidogo vidogo, na muda wote uliobaki akafungua ukurasa mtupu na kuchapa mradi kelele. Hebu fikiria. Mtu mzima mwenye akili timamu, amefungiwa nyuma ya nondo, hana kazi na haruhusiwi kuondoka, anapiga vitufe ili mzee mmoja nje ya mlango aridhike. Mimi ningeshaivunja ile kibodi. Yeye alikuwa na sababu ya kuvumilia.

Mwanzoni alichapa upuuzi, herufi zozote zilizokuwa chini ya vidole. Baadaye vidole vikaanza kuandika vyenyewe. *Kijino mwanangu, leo mpakiaji mmoja ameviringisha mtungi ukamkanyaga mguu, akauomba mtungi msamaha. Kijino mwanangu, feni yetu leo imenyamaza, nadhani imesusa.* Jioni kompyuta ilimuuliza kama anataka kuhifadhi alichoandika, naye akajibu hapana, maana Bwana Masikio alikuwa na tabia ya kuwasha mashine za watu.

Kijino alikuwa binti yake wa pekee. Jina hilo la utani alimpa yeye mwenyewe, siku ile alipompeleka kwa dada yake: jino la mbele la mtoto lilikuwa limedondoka asubuhi hiyo, na alipokuwa akimuaga, kitu alichobaki nacho machoni ni kicheko chenye pengo katikati. Hakumpeleka kwa kupenda. Baba wa mtoto alikuwa ameshajiendea zake na hakuacha hata namba ya simu. Chumba walichopanga hakikuwa na mtu wa kumwangalia mtoto mchana, na ofisi haikuachia watu mpaka jua limepoa, Jumamosi ikiwemo. Dada yake alikaa mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima barabarani, nyumba yenye ua mpana na shule pembeni. "Kwa muda tu," walikubaliana, na wote wawili waliamini.

Mama Upepo akabaki na Jumapili na simu. Jumapili moja haitoshi kwenda na kurudi, na kila alipoomba likizo, Bwana Masikio alimjibu neno moja: "Mwisho wa mwezi tutaona." Kijino alipouliza, "Unakuja lini?" mama alijibu, "Mwisho wa mwezi, mwanangu." Lilikuwa neno la juu, yeye alilishusha tu chini.

Sasa dada yule, kwa kuwa ni mkubwa wake, mtoto alimwita mama mkubwa, kama inavyotakiwa. Ila Mama Upepo, Jumapili hadi Jumapili, alilisikia jina hilo likipungua. Mama mkubwa likaanza kutamkwa haraka haraka, mwisho wake ukimezwa. Halafu siku moja Kijino akasema, "Ngoja nimuulize mama," akakimbia na simu mkononi, na aliyekwenda kumuuliza hakuwa huyu aliye kwenye simu. Alipomrudia akasema, "Haya, mama wa simu, nimerudi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetofautisha vikombe viwili, na ndiyo maana iliuma.

Basi tangazo likabandikwa ukutani: tawi la kampuni katika mji ule ule wa dada yake linahitaji karani wa jedwali, aliyekuwepo anaacha kazi, na nafasi ni kwa wafanyakazi wa ndani, wakipata ruhusa ya msimamizi wao. Mama Upepo alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena, akatamani kulibandua alibebe asije akalisoma mtu mwingine. Akaenda moja kwa moja kwa Bwana Masikio.

"Wewe?" alishangaa Bwana Masikio. "Nikikuachia wewe, chumba kile kitaendeshwa na nani? Bi Taratibu akimaliza karatasi za leo, wote tutakuwa na mvi. Hapana, mama. Wewe ndiye chumba chenyewe. Mwisho wa mwezi tutaona."

Alirudi mezani kwake, akakaa, akawaza. Kumbe kinachomfunga ni wepesi wake. Akifanya kazi upesi anaongezewa, na akiongezewa anazidi kuhitajika, na anayehitajika haachiwi. Akizembea atafukuzwa, na akifukuzwa atamlisha mtoto nini? Maji yalikuwa yamefika shingoni. Akawaza mpaka akaona upenyo mmoja: ikiwa chumba kitaweza kuendeshwa bila yeye, Bwana Masikio hatakuwa na la kusema. Na chumba kina mtu mwingine.

"Bi mkubwa," alisema, "nataka nikufundishe kitu."

Akamwonyesha Kontroli na D. Bi Taratibu aliangalia lile neno likiteremka, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwanangu, hapana. Neno ambalo sikuliandika mimi, nitajuaje kwamba limeandikwa?"

"Si unaliona?"

"Naona mengi kwenye kompyuta hii. Siyaamini yote." Akarudisha kidole chake hewani, kikaanza kuitafuta N.

Mama Upepo hakumsukuma. Lakini Jumamosi hiyo wakati wa mapumziko dada alipiga simu kwa sababu Kijino alikuwa na homa kidogo, na sauti ya simu ile ya zamani ilisikika chumba kizima. Bi Taratibu akasikia mtoto akilia, "Namtaka mama," na akasikia mwenzake akijibu, "Nipo hapa mwanangu, nipo," na akasikia mtoto akisema, "Siyo wewe."

Simu ikakatika. Nje mitungi iligongana. Kichwa cha Bwana Masikio kikachungulia, kikakuta nyuso mbili hazisemeki, kikajiondokea bila kuuliza chochote.

"Vuta kiti," alisema Bi Taratibu. "Nifundishe hivyo vitufe vyako. Hiki kidole kimekaa mjane siku nyingi, bora kipate mwenzake."

Mafunzo yalikuwa kituko. Mkono wa kushoto wa Bi Taratibu haukuwahi kugusa kibodi maisha yake yote; ulikaa juu ya meza kama mgeni asiyejua akae wapi. Kubonyeza viwili kwa pamoja kulimshinda: alianza na Kontroli, akaachia, akaenda kwenye D, na D ikaandikika. Akachomoa uzi mwekundu kwenye mto wake, akaubandika kwa gundi kwenye vitufe vyote viwili ili macho yasimpotee. Siku ya kwanza aliandika mahali pa mtungi kwenye safu ya uzito, akashusha, na mitungi yote ya kampuni ikawa na uzito wa "Uwanja wa pili". Akapiga ukelele. Mama Upepo akamwonyesha Kontroli na Z, na kosa lote likafutika kama halikutendeka.

Bi Taratibu akakitazama kioo. "Kumbe kipo kitu kama hiki," alisema. "Laiti ningekuwa nacho mwaka nilioolewa."

Walicheka mpaka Mama Upepo akalazimika kupiga vitufe kwa nguvu ili kicheko kisisikike kwenye korido. Na mtu mzima yule, ambaye wote walimdhania kichwa kigumu, akashika. Hakuwa mwepesi, ila alishika. Alibonyeza kwa heshima, vidole viwili kwa pamoja, akisubiri, kisha akiinua macho kuhakikisha. Karatasi za viwanja vyote viwili zilimalizika mikononi mwake jua halijafika kichwani.

"Ukiondoka nitakosa mtu wa kuongea naye," alimwambia Mama Upepo. "Lakini nina wajukuu wangu hapo mtaani. Wewe nenda kwa wako."

Ndipo walipomwita Bwana Masikio.

Alisimama nyuma ya kiti cha Bi Taratibu, mikono nyuma. Mama Upepo alikaa pembeni kabisa, mikono mapajani, aonekane hafanyi kitu. Bi Taratibu aliandika namba za mitungi, akachagua, akapeleka vidole viwili kwenye uzi mwekundu, akabonyeza. Safu ikajaa. Akabonyeza tena, ikajaa nyingine. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba feni ilionekana kuwa na kelele za makusudi. Bwana Masikio akainama, mdomo wazi.

"Hii ni kazi ya leo yote?"

"Yote, bosi."

"Na amefanya peke yake?"

"Peke yake!" Mama Upepo aliinuka, akashindwa kujizuia. "Hunihitaji mimi humu, bosi. Kwa vitufe hivi chumba hiki hakihitaji watu wawili. Mmoja anatosha."

"Mmoja anatosha," alirudia Bwana Masikio polepole, kama anayeonja kitu kitamu ambacho hakukijua. Akatikisa kichwa, akacheka, akampa mkono Bi Taratibu, akampa mkono Mama Upepo. "Mmenifungua macho. Wiki ijayo nitawapa majibu."

Alipotoka, wanawake wale wawili walikumbatiana katikati ya meza zao, kikombe kikamwagika na hakuna aliyejali.

Jumapili Mama Upepo alipiga simu kabla hata hajanawa uso. "Kijino, nakuja. Safari hii si kutembea. Nakuja kukaa."

"Kukaa kabisa?" aliuliza mtoto. "Hata usiku utakuwepo?"

"Hata usiku."

"Na asubuhi nikiamka?"

"Na asubuhi ukiamka, nipo."

Mtoto alishusha simu, na Mama Upepo akamsikia akikimbia nyumba nzima akitangaza. Alikaa kitandani na simu sikioni, machozi yanamtoka, akicheka.

Siku ya majibu, mlango haukufunguka kidogo. Ulifunguka wote, na Bwana Masikio akaingia mwili mzima, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Ameshika bahasha, uso unang'aa kama wa mtu anayekuja kuposa.

"Tawi limepata mtu wake," alisema. "Na nyinyi ndio mlionirahisishia. Nilikuwa naumiza kichwa nimtoe nani, maana nilidhani wote wawili nawahitaji. Bi Taratibu, hongera. Utaripoti kule mwanzo wa mwezi."

Bi Taratibu hakuelewa. Alitazama bahasha, akamtazama Mama Upepo, akatazama tena bahasha. "Mimi?"

"Kule kazi ni ndogo, itakufaa kwa umri wako."

"Bosi," alisema Mama Upepo. Akainuka kitini. "Bosi, aliyeomba ni mimi. Mtoto wangu yuko kule. Bi mkubwa watu wake wote wako hapa."

"Najua uliomba."

"Nilisema mmoja anatosha. Nilimaanisha yeye!"

"Nami nimekusikia," alijibu Bwana Masikio kwa upole wa kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Hakuwa na chuki hata chembe. "Lakini fikiria mwenyewe, mama. Nani alimfundisha mwenzake? Nimwachie mwalimu aende, nibaki na mwanafunzi? Wewe unaweza kuendesha chumba hiki na cha jirani pia. Tulia kwanza, tuweke mambo sawa. Mwisho wa mwezi tutaona."

Akatoka. Bi Taratibu alikaa juu ya mto wake mwekundu, bahasha mapajani, vidole viwili vikiwa bado juu ya kibodi. Kukataa hakuweza, kwa sababu anayekataa uhamisho anahesabiwa ameacha kazi, na kustaafu kwake kulikuwa karibu mno kuchezewa. Baada ya muda akabonyeza Kontroli na Z. Akabonyeza tena. Neno moja lilifutika kwenye jedwali, kisha lingine. Mama Upepo akamshika mkono akauondoa pale, na wote wawili wakalia bila kujificha.

Siku ya kuondoka wajukuu walikuja mpaka ofisini, wakashikilia mkoba wa bibi yao, na safari hii hawakugombania kuubeba. Waligombania kuuzuia.

Meza yake iliondolewa. Mahali pake pakawekwa trei za chumba cha jirani, ambacho nacho kilipata mtu mmoja wa kutosha, na mtu huyo ni Mama Upepo yule yule. Mama Upepo akajikuta anajaza visanduku kuanzia asubuhi mpaka mwanga wa dirishani unageuka rangi, ananakili, anashusha, anavuta kulia, na karatasi hazipungui. Bwana Masikio mwenyewe alibadilika kabisa. Kwa kuwa aliona kwa macho yake kazi ikifanyika bila sauti, sasa alipenda kimya kama alivyopenda kelele. Aliwaleta wageni mpaka mlangoni, akaweka kidole mdomoni, akawaambia, "Sikilizeni. Hamsikii kitu, sivyo? Hiyo ndiyo kazi ya kisasa."

Alasiri moja ya siku za mwanzo, baada ya kuchoka sana, Mama Upepo alifungua ukurasa mtupu. *Kijino mwanangu,* alianza, na vidole vikakimbia vyenyewe kama zamani, ta-ta-ta-ta.

Mlango ukafunguka kidogo. Kichwa kikaingia.

"Mbona kelele humu?" kiliuliza. "Umesahau vile vitufe?"

Akaufunga ukurasa. Kompyuta ikamuuliza kama ahifadhi, akajibu hapana. Hakuufungua tena.

Jumapili zikaendelea. Mtoto alikuwa amekasirika wiki za mwanzo, hakutaka kuja kwenye simu, na dada alimwombea radhi kwa niaba yake. Kisha Bi Taratibu akaitafuta ile nyumba huko ugenini, akaikuta, akaanza kwenda kila Jumapili baada ya kufua, maana hakuwa na mwingine wa kumtembelea.

"Nimekaa naye hapa, mwanangu," alisema siku moja kwenye simu, sauti imepungua kuliko ilivyokuwa ofisini. "Anasoma vizuri. Amekuwa mrefu, kichwa chake kinanifika hapa begani. Nikimtazama nawakumbuka wale wangu." Akavuta kamasi. "Wewe ndiye ungekuwa umekaa kwenye kiti hiki. Na mimi ningekuwa pale getini kwangu."

"Usilie, bi mkubwa."

"Silii. Nampa simu."

Simu ikakwaruza, ikabadilisha mikono.

"Kijino!" aliita Mama Upepo. "Kijino wangu, hujambo?"

"Sijambo." Sauti ilikuwa nzito kidogo kuliko aliyoizoea, na maneno yalitoka safi, bila kale kafilimbi kalikokuwa kakipita kwenye pengo. "Lakini mimi siyo Kijino. Jino limeshaota. Limeota siku nyingi, hata mama hakukuambia?"

"Nani hakuniambia?"

"Mama."

Mama Upepo akafumba macho. Akajaribu kumwona na jino lake jipya, akashindwa. Kila alipojaribu, kikarudi kile kicheko cha siku ya kuagana, na pengo lake katikati.

"Hakuniambia," alisema. "Ni jino zuri?"

"La kawaida tu."

Nyuma ya mtoto sufuria iligonga, mtu akacheka, mlango ukafungwa. Mama Upepo alikuwa akitafuta la kusema, lolote lile, mdomo umeshafunguka, mtoto alipomtangulia, taratibu na bila hasira, kama anayemsaidia mtu mzima aliyesahau maneno yake:

"Najua. Mwisho wa mwezi."